Tonge la Barafu Chini ya Ukwato

Kushindiliwa kwa theluji katika kwato ni tatizo linalompata farasi pale theluji anayoikanyaga inapojaa katika uwazi ulio chini ya ukwato, ikakandamizwa na uzito wa mwili wake, ikageuka donge gumu la barafu, kisha ikaendelea kukusanya theluji nyingine kwa kila hatua mpaka mnyama mzima wa kilo 500 akawa anatembea juu ya vigongo vinne visivyolingana urefu. Nchini Kanada, katika majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye milima ya Uswisi na katika nchi za Skandinavia, ambako farasi huendelea kupandwa hata ardhi inapokuwa nyeupe kwa miezi kadhaa, jambo hili huamua kama matembezi ya saa moja yatakwisha salama au yataishia kwa mguu ulioteguka. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuvuka shamba la udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, akaona viatu vyake vikinenepa hatua kwa hatua hadi vikawa vizito kama mawe, kanuni yenyewe si ngeni. Tofauti ni kwamba tope hubanduliwa kwa kijiti, ilhali donge la barafu mara nyingi hudai nyundo.

Lawama ya donge hilo hutupiwa theluji, lakini anayelichunguza suala hili kwa makini hugundua kwamba mshirika mkuu wa theluji ni kiatu cha chuma ambacho binadamu mwenyewe alikipigilia chini ya ukwato ili kuulinda. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya farasi wa majira ya baridi ni dawa ya madhara ya dawa nyingine, na mwenye farasi asiyeuelewa mfuatano huo hununua kifaa kimoja kinachomwondolea tatizo la kwanza na kumletea la pili.

Ukwato wa farasi ni ganda gumu la keratini, yaani protini ileile inayojenga kucha na nywele za binadamu, na upande wake wa chini una sehemu tatu zinazohusika na mada hii. Ya kwanza ni ukuta, ule ukingo mgumu wa nje unaoonekana mnyama anaposimama, ambao hukua kuelekea chini kwa takriban sentimita 1 au pungufu kidogo kila mwezi, na ambao tabaka lake la nje halina mishipa ya fahamu, ndiyo maana msumari unaweza kupita humo bila kumuumiza mnyama. Ya pili ni wayo, uliozungukwa na ukuta na kubonyea kidogo kwenda juu mithili ya kisahani kilichofunikwa. Ya tatu ni sehemu inayonyumbulika kama mpira mgumu, inayoanzia kisiginoni kwa upana na kuchongoka kuelekea mbele, ambayo katika makala haya itaitwa kabari ya ukwato kutokana na umbo lake, na ambayo pembeni mwake ipo mifereji miwili. Farasi anapokanyaga, sehemu ya nyuma ya ukwato hutanuka kidogo, na anapouinua mguu hujirudi. Mtanuko huo hupunguza mshtuko, husaidia damu kupanda kurudi mwilini na, jambo ambalo wengi hawalitaji, huuchezesha wayo kiasi cha kubandua vitu vilivyonata juu yake. Ukwato usiovishwa kitu, kwa maneno mengine, una namna yake ya kujisafisha.

Theluji nayo si kitu cha aina moja. Mtoto wa pwani anayejenga nyumba ya mchanga hahitaji kufundishwa kwamba mchanga mkavu haushikani hata ukibanwa namna gani, wala kwamba maji kidogo tu huufanya usimame kama ukuta, na theluji hufuata takriban kanuni hiyohiyo. Ikiwa katika nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri, huwa kavu kama vumbi, na ukwato ukiikanyaga hutawanyika badala ya kushikana. Joto linapopanda na kukaribia nyuzi 0, chembe zake huzungukwa na utando mwembamba wa maji unaozivuta pamoja, nazo zikishinikizwa hugusana, huungana na kuganda zikawa kitu kimoja. Theluji iliyoanguka punde katika hali ya ubaridi na utulivu huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 hivi kwa mita moja ya ujazo, ilhali barafu kamili hufikia kilo 917, na nafasi iliyopo kati ya tarakimu hizo ndiyo inayojazwa na uzito wa farasi anapoigeuza theluji laini kuwa tonge ndani ya wayo, kama vile kiganja kinavyolibana tonge kabla ya kulichovya katika mchuzi. Ndiyo maana siku ya hatari si ile yenye baridi kali kuliko zote, kama anavyodhani mgeni wa mambo haya, bali ni ile siku ya jua la kupendeza, ambapo theluji inaanza kulowana na kila mtu anatamani kutoka nje.

Katika hali hiyo ndipo kiatu kinapoingia. Kiatu cha farasi ni upinde wa chuma unaofuata ukingo wa ukwato na kufungwa kwa misumari, kwa kawaida 6 hadi 8, nao huongeza kimo cha ukuta kwa karibu sentimita 1, hivyo uwazi uliokuwa kisahani chenye kina kifupi hugeuka kuwa bakuli lenye kingo zilizosimama wima. Chuma hupitisha joto vizuri mara nyingi zaidi kuliko keratini, kwa hiyo wakati wayo ulio na uvuguvugu wa mwili unapoyeyusha tabaka dogo la theluji inayougusa, chuma kilichopoa kwa kukanyaga ardhi iliyoganda huyanyang'anya maji hayo joto lake na kuyagandisha tena, na barafu inayopatikana hapo hushika kingo za ndani za kiatu kama saruji inavyoshika kalibu. Isitoshe, kiatu kilichopigiliwa hupunguza ule mtanuko wa nyuma wa ukwato. Bakuli limepatikana, gundi imepatikana, na mtikisiko wa kubandua umedhoofishwa; mambo yote matatu kwa kipande kimoja cha chuma.

Ushahidi wa maelezo haya unapatikana kwa wanyama ambao hawajawahi kuvishwa chuma. Katika Jamhuri ya Sakha, eneo la Urusi huko Siberia ambako vipimajoto hushuka chini ya nyuzi 50 chini ya sifuri, farasi wa Kiyakuti huishi nje mwaka mzima bila banda, wakichimba theluji kwa kwato zao za mbele ili kuyafikia majani yaliyofunikwa, na chombo chao cha kuchimbia ni ukwato mtupu. Ni kweli kwamba baridi yenyewe huwasaidia, kwa kuwa theluji ya huko ni kavu kwa sehemu kubwa ya majira, na hivyo mfano wao hauwezi kuhamishwa mzimamzima hadi mahali penye baridi ya wastani. Afrika nayo ina mfano wake: katika milima ya Lesotho, nchi ambayo hakuna sehemu yake iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, theluji huanguka kati ya Juni na Agosti, na wapanda farasi waliojifunika mablanketi huendelea na safari zao juu ya farasi wa Kibasotho, jamii ndogo ya mwili inayosifiwa kwa ugumu wa kwato na uthabiti wa miguu katika njia za mawe. Theluji ya Lesotho hukutana na jua kali la mchana na hulowana upesi, kwa hiyo ni ya aina inayonata; tena mtu akitaka kufahamu tofauti kati ya kwato zilizovishwa na zisizovishwa, hana haja ya kwenda mbali na bara hili.

Madhara ya donge hilo hayaishii katika usumbufu. Farasi hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na katika mbio za kasi mguu mmoja unaweza kubebeshwa zaidi ya uzito wa mwili mzima kwa sehemu ndogo ya sekunde, hivyo donge la mviringo lililo chini ya wayo huugeuza mguu huo kuwa nguzo iliyosimama juu ya mpira. Kifundo huyumba kushoto na kulia, kano, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, huvutwa katika pembe zisizozizoea, na kwa kuwa madonge hayakui kwa kasi moja katika miguu yote, mnyama hulazimika kusawazisha mwili wake upya kila hatua. Hatari kubwa zaidi huja pale donge moja linapobanduka ghafla, kwa maana mguu uliokuwa umeinuliwa sentimita 6 au 7 hushuka bila taarifa huku mingine mitatu ikibaki juu, na mpanda farasi aliye juu ya tandiko huanguka pamoja na mnyama au mbele yake. Hata pasipokuwa na anguko, barafu inayokandamiza wayo kwa muda mrefu huusababishia mchubuko wa ndani, ambao baadaye unaweza kutunga usaha na kumfanya farasi achechemee kwa majuma kadhaa.

Kinga ya kwanza, na kwa farasi wengi iliyo bora, ni kuving'oa viatu kabla majira hayajaanza. Wenye farasi wengi wa kaskazini, ambao kazi yao ya majira ya baridi hupungua na kubaki matembezi mafupi, humwita fundi wa kwato, yaani yule mtaalamu wa kuchonga na kuvisha kwato, ili aondoe chuma chote, azungushie ukingo wa ukuta mviringo usiomeguka kirahisi, na asafishe kabari na mifereji yake bila kuipunguza mno. Jambo hili halifai kufanywa siku ya theluji ya kwanza. Wayo uliozoea kuinuliwa na kiatu huwa mwembamba na mwepesi wa kuumia, na ardhi ya mwanzo wa baridi, iliyoganda ikiwa na makorongo ya magurudumu na alama za nyayo kabla haijafunikwa na theluji, ni ngumu kama mawe. Ndiyo sababu mafundi wenye busara hutaka majuma kadhaa ya maandalizi, wayo ukomae taratibu. Kwato zisizo na viatu nazo hushika theluji siku zile za unyevu, lakini madonge yake huwa madogo na huanguka yenyewe baada ya hatua chache. Mwito wa fundi hauachwi kwa sababu tu chuma kimeondolewa, kwani ingawa ukwato hukua polepole zaidi wakati wa baridi, bado huhitaji kuchongwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na ukuta ulioachwa ukarefuka huunda lile bakuli upya kwa keratini badala ya chuma.

Wapo hata hivyo farasi ambao hawawezi kuachwa bila viatu: wenye wayo dhaifu kwa maumbile, wenye maradhi yanayodai kiatu cha tiba, wanaovuta mizigo, na wale ambao njia yao ya kila siku ni lami na barafu. Kwa hao zilibuniwa pedi za theluji, nazo ni za namna mbili zinazotofautiana kuliko mwonekano wao unavyoashiria. Pedi kamili ni bamba la plastiki au mpira linalowekwa kati ya kiatu na ukwato, likauziba wayo wote, na katikati yake limeumbwa kiputo kinachoelekea chini. Farasi anapokanyaga, theluji hukisukuma kiputo juu; anapouinua mguu, kiputo hurudi chini kwa nguvu ya mnyumbuko wake na kulitupa nje tonge lililoanza kujengeka. Pedi ya ukingo, kwa upande mwingine, hailifuniki eneo lote la wayo, bali ni neli ya mpira iliyo wazi ndani, inayofuata upinde wa kiatu kwa upande wa ndani na kubanwa kati ya chuma na ukuta. Inapokandamizwa hunywea, inapoachiliwa hupanuka na kulibandua donge pale hasa linapojishikiza, yaani kwenye ukingo.

Pedi kamili huonekana kuwa kinga iliyotimia, kwa kuwa huukinga wayo dhidi ya mawe pia, lakini ina gharama zake. Chini ya bamba lililozibwa hujikusanya unyevu na uchafu usioweza kusafishwa mpaka kiatu king'olewe, na katika giza hilo bakteria wanaoozesha kabari ya ukwato, ugonjwa unaotambulika kwa ute mweusi na harufu mbaya, hupata makazi. Mafundi hujaribu kuwazuia kwa kuujaza uwazi huo silikoni au nyuzi za katani zilizolowekwa lami ya msonobari, dawa ya zamani ambayo bado haijapata mshindani wa kuiondoa kabisa. Pedi ya ukingo huuacha wayo wazi, hewa inapita, mwenye farasi anaona na kusafisha, na kazi ya kubandua theluji inafanyika vizuri vilevile kwa farasi wengi. Kwa yule ambaye wayo wake hauna tatizo la kipekee, ni vigumu kuona sababu ya kuchagua pedi iliyozibwa.

Namna zote mbili zina upungufu mmoja ambao ndio chanzo cha ajali nyingi zinazoepukika: pedi huzuia theluji kujaa, lakini haizuii mguu kuteleza. Kiatu laini cha chuma juu ya barafu huteleza kuliko ukwato mtupu, na farasi aliyevishwa pedi bila kitu kingine ameondolewa donge na kuachiwa utelezi. Kwa hiyo pedi hufuatana na meno. Msomaji wa kurasa za michezo anayejua kwa nini mchezaji wa mpira wa miguu huvaa njumu au daluga hatapata shida kuielewa kazi ya meno hayo, ambayo huwa ni skrubu zinazoingizwa katika matundu ya kiatu na kutolewa theluji inapokwisha, au misumari ya barafu, yaani misumari ya kawaida ya kiatu ambayo vichwa vyake vina kiini kigumu kinachojitokeza nje, au matone ya kabaidi ya tangsteni, kitu kigumu mno kuliko chuma, yaliyoyeyushiwa juu ya uso wa kiatu. Hata hapa kuna kipimo. Mguu wa farasi haukuumbwa kusimama ghafla. Unapotua huteleza kidogo kabla ya kushika, na mtelezo huo mfupi ndio unaovipunguzia viungo mshtuko. Meno marefu kupita kiasi huunatisha mguu ardhini wakati mwili ungali ukigeuka, na nguvu ya kupinda inayobaki huhamia kwenye magoti na vifundo. Tena farasi mwenye meno ya chuma hujikanyaga, humkanyaga mwenzake katika banda, na teke lake huwa silaha. Busara ni meno mafupi, machache, yaliyowekwa kwa ulinganifu miguuni.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama kubwa zamani. Napoleon alipoondoka Moscow tarehe 19 Oktoba 1812, jeshi lake lilikuwa na farasi waliovishwa viatu vya majira ya joto, visivyo na meno. Armand de Caulaincourt, aliyekuwa mkuu wa farasi wa kaisari huyo wa Ufaransa na aliyewahi kuwa balozi wake nchini Urusi, alikuwa ameyaona majira ya baridi ya huko kwa macho yake, akahakikisha kwamba farasi waliokuwa chini ya usimamizi wake wanavishwa viatu vyenye meno. Katika kumbukumbu zake aliuhesabu ukosefu wa viatu vya aina hiyo kuwa miongoni mwa sababu kubwa za jeshi hilo kupoteza farasi na mizinga. Njaa na uchovu vilikuwa vimekwisha kuwadhoofisha wanyama hao, na si haki kumbebesha mhunzi mzigo wa makosa ya majenerali, lakini farasi dhaifu aliyeanguka katika mteremko wa barafu bila meno ya kujishikiza hakuwa na njia ya kusimama tena.

Katika eneo la New England, upande wa kaskazini-mashariki mwa Marekani, tatizo lilikabiliwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa watu wa huko waliishi nalo kila mwaka. Kabla ya magari ya injini, barabara za vijijini hazikufagiliwa theluji, bali zilishindiliwa kwa magogo makubwa ya mviringo yaliyovutwa na farasi, ili magari yasiyo na magurudumu yaweze kuserereka juu yake. Na katika madaraja yale ya mbao yenye paa, theluji ililetwa kwa makusudi na kumwagwa ndani, maana bila hiyo gari la kuserereka lingekwama kwenye mbao kavu. Barabara ya namna hiyo ilimfaa mwenye gari, ikamtesa farasi. Mhunzi aliyanoa upya meno ya viatu kila yalipochakaa, mpaka meno ya skrubu yalipoenea katika karne ya 19 na kumpunguzia dereva safari za kwenda kwenye karakana. Na kwenye ngozi za kufungia farasi ilining'inizwa nyundo ndogo ya theluji, yenye kichwa chembamba na pete ya kuifungia, ambayo dereva aliishusha kila aliposimama, akayagonga madonge na kuendelea. Nyundo hizo siku hizi hukusanywa kama vitu vya kale, ingawa hakuna kifaa cha kisasa kinachoifanya kazi hiyo kwa haraka kuliko hizo.

Dawa inayosifiwa kuliko zote katika mazungumzo ya wapanda farasi, nayo ndiyo inayostahili sifa chache zaidi, ni mafuta. Mafuta ya mgando, siagi, mafuta ya kupikia, grisi na nta hupakwa chini ya wayo kwa hoja kwamba maji hayashiki mahali penye mafuta, na hoja hiyo ni ya kweli kisayansi. Tatizo ni msuguano: theluji ni mamilioni ya chembe zenye kingo kali zinazosugua kwa kila hatua chini ya uzito wa kilo mia kadhaa, na tabaka la mafuta hufutika mapema, mara nyingi kabla ya nusu ya matembezi kwisha. Mafuta yanayoganda yakipoa, kama siagi na mafuta ya mgando, hudumu zaidi kidogo kuliko yale ya majimaji, mradi yapakwe juu ya wayo uliosafishwa na kukaushwa kabisa, kwa kuwa yakipakwa juu ya unyevu hubanduka pamoja na donge la kwanza. Kwa mtu anayezunguka uwanja kwa dakika ishirini yanatosha. Kwa anayekwenda kilomita kumi msituni ni kujidanganya, tena sakafu ya saruji ya banda iliyokanyagwa na kwato zenye mafuta huwa mtego kwa farasi na kwa mtunzaji wake.

Kinachobaki kimo katika mwenendo wa mpanda farasi mwenyewe. Kwato husafishwa kabla ya kutoka bandani, kwa sababu kinyesi na matandiko yenye unyevu yaliyobaki wayoni ndiyo punje ambayo donge huanza kujengeka juu yake. Ndoano ya kusafishia kwato hubebwa mfukoni, wala haiachwi ukutani. Njia yenye theluji mpya na kavu huchaguliwa badala ya barabara iliyokwisha kulowana na kushindiliwa, na mwendo huwa wa kutembea, kwa kuwa katika telki, ule mwendo wa kudundadunda usiofikia shoti, madonge hurushwa nyuma kwa nguvu ya kutosha kumjeruhi anayefuata. Farasi mwenyewe hutoa taarifa: hatua hufupika, kichwa huinama, mabega hupoteza ulaini wake, na mpanda farasi huhisi kama tandiko limeinuliwa upande mmoja. Hapo hushuka, akaushika mguu na kuligonga donge kutoka pembeni, kuanzia kisiginoni kuelekea mbele, bila kuupiga wayo wenyewe, na kwa kawaida huanguka zima kama kitumbua kinachotoka katika chuma chake. Akilazimika kushuka mara tatu katika nusu saa, hali ya hewa imekwisha kumjibu swali lake, na njia fupi ya kurudi nyumbani ndiyo njia.

Mahali ambapo maarifa haya yote hukutana mbele ya watazamaji ni St. Moritz nchini Uswisi, katika ziwa lililo kwenye kimo cha mita zipatazo 1,768, ambalo maji yake huganda kwa kina cha kubeba majukwaa, watu na mashindano ya mbio za farasi yaliyoanza kufanyika juu yake mwaka 1907. Farasi wa mbio hizo hukimbia wakiwa na viatu vyenye meno na pedi za kuzuia theluji kujaa, na katika mchezo mmoja wa hapo farasi hukimbia bila mpandaji mgongoni, nyuma yake akivutwa kwa kamba ndefu mtu aliyesimama juu ya skii. Mchezo huo ulioneshwa katika Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika mjini humo mwaka 1928. Anayevutwa hula vumbi la theluji linalorushwa na kwato kutoka mwanzo hadi mwisho, naye kuliko mtu mwingine yeyote ana sababu ya kumwombea heri fundi aliyezivisha, maana kila tonge lisilobanduka kwa wakati wake huja kubanduka usoni mwake.

Machi ikifika na theluji kugeuka tope, fundi wa kwato huitwa tena kung'oa pedi, kufungua skrubu na kuuacha wayo ukauke. Matundu ya misumari ya majira yaliyopita hubaki ukutani kama safu ya nukta, yakishuka taratibu kuelekea ardhini kadiri ukwato unavyokua, na huwa yamebakiza safari ya miezi miwili au mitatu tu kabla hayajaanguka chini pamoja na vipande vinavyochongwa, ambavyo mbwa wa shambani huvigombania.